Yai la Mbao

Saa tatu asubuhi tai jike alikuwa bado amelalia kiotani, theluji mgongoni. Nthofeela, msaidizi katika mradi wa kuokoa tai, alimtazama kwa darubini kutoka ng'ambo ya bonde. Jana ndege huyo alipoinuka, waliona yai moja tu.

"Yangekuwa mawili, tungechukua la pili bila kuulizana," alisema Mamello, mtafiti, kompyuta magotini. "Kinda wa kwanza humuua mdogo wake hata hivyo."

Mashine yao ya kuangulia ilikuwa ikifanikiwa kwa mayai sita katika kumi. Kiotani, kama bonde halina sumu, kinda angeruka mara nane katika kumi. Kama sumu ipo, mara mbili. Miaka miwili nyuma, mizoga iliyotiwa sumu ya kuulia mbweha iliua tai watatu. Aliyeitega, Ntate Ramoholi, alikuwa ameketi kando yao ndani ya blanketi, akivuta kiko.

"Nimeacha," alisema mzee. "Niseme mara ngapi? Au hicho kidude chako hakisikii Kisotho?"

"Kinasikia, Ntate. Hakijui tu kikuamini kiasi gani," alisema Mamello.

Kisha akamgeukia Nthofeela. "Wewe unawajua: katika wachungaji kumi waliowahi kutega sumu na wanaosema wameacha, wangapi wameacha kweli? Simuulizii huyu. Wakifika saba, yai tunaliacha."

Ramoholi alikuwa mjomba wa Nthofeela, ndugu wa mama yake. Nthofeela alijua kuwa mzee amenunua mbwa wawili wakali wa kulinda kondoo, na kwamba hajawahi kumdanganya. Lakini swali lilihusu watu kumi, na kwenye mafunzo walionywa wasichanganye undugu na jibu.

"Watano," alisema.

Mzee alitoa kiko mdomoni. "Nusu mtu! Mtoto wa dada yangu amenipasua katikati kama kondoo wa msiba!"

Hakuna aliyecheka. Mamello aliingiza ile tano. "Tunachukua," alisema.

Nthofeela alishuka kwa kamba, yai la mbao lililopakwa rangi ya kutu likiwa kwapani tangu alfajiri, ndege asije akalikataa kwa ubaridi. Jike aliruka. Nthofeela alibadilisha mayai, akalifunga lile la kweli kwenye chombo kilichopashwa joto kwa maji ya moto, akapanda. Alipofika juu, jike alikuwa amesharudi kulalia. Blanketi la mjomba wake lilikuwa likitokomea nyuma ya kilima.

Siku ya nne walilimulika yai kwa taa. Mishipa ilikuwa imekatika, na doa jeusi halikusogea; kinda alikuwa amefia ndani.

"Mara nne katika kumi huwa hivi," alisema Mamello. "Uamuzi ulikuwa sahihi."

"Najua," alisema Nthofeela, na alijua kweli.

Theluji ilipoyeyuka, wakaguzi walipita bonde zima na mbwa wa kunusa. Walipima kila mzoga. Hawakupata sumu. Dukani, Ramoholi alipokea chumvi yake akampita mpwa wake bila salamu.

Muda wa kuangua ulikuwa umepita, na jike alikuwa angali amelalia, amekonda, manyoya ya kifua yamepukutika. Nthofeela alitumwa kuliondoa yai la mbao ili ndege asijimalize. Safari hii jike hakuruka alipoiona kamba. Aliinuka tu buti lilipogusa ukingo wa kiota. Upande wa chini wa yai rangi ilikuwa imelika hadi kwenye mbao.

Alivua glavu akaliokota. Lilikuwa na joto.