Nyumba Iliyofuata Mwaka wa Gitaa

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1998, saa tatu asubuhi, Verlon Stamper alilaza gitaa lake juu ya blanketi, kwenye meza ya chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi la Bonde la Sorrel, Kentucky. Wenzake kumi na mmoja wa chama cha magitaa ya zamani wakasogea. Walikuwa wameshakula mikate ya moto na mchuzi wa soseji, na wamenawa mikono kwa sabuni, maana mafuta ya soseji yakiingia kwenye mbao hayatoki. Mwenyekiti wao, Burl Hatcher, daktari wa meno aliyestaafu, alitoa kioo chake kidogo cha kutazamia magego, akakiingiza kwenye tundu la gitaa na kumulika kwa tochi.

"Panua zaidi," alisema, kwa mazoea.

Ndani, kwenye kipande cha mbao kinachoshika shingo ya gitaa, palikuwa na namba. Ilikuwa imefunikwa na gundi miaka mingi, na Verlon alikuwa ameikwangua kwa kucha majira yote ya baridi. Burl aliisoma mara mbili, akafungua daftari la namba za kiwanda cha Wexcombe, akashuka na kidole ukurasa mzima. Kisha akanusa tundu, akitafuta harufu ya gundi ya ngozi ya ng'ombe, ile ya magitaa ya zamani. Wengine nao wakanusa kwa zamu.

"Thelathini na nane," Burl alisema.

Mikono ikanyoshwa. Katibu akaandika 1938 kwenye kadi, akaifunga kwa uzi kwenye shingo ya gitaa. Verlon alikuwa na miaka arobaini na tisa, na siku hiyo alilia kidogo.

Hakulia bure. Katika chama hicho watu hukaa kwa mwaka wa gitaa. Mwenye gitaa kongwe kuliko yote hukaa karibu na jiko la kuni, anayemfuata hukaa karibu naye, hivyo hivyo mpaka mlangoni kwenye upepo. Anayekaa mlangoni ndiye anayepika kahawa na kuosha vikombe. Verlon alikuwa ameosha vikombe miaka kumi na moja, kwa sababu gitaa aliloachiwa na marehemu baba yake halikuwa na karatasi yoyote, na chama kilikuwa kimelihesabu kuwa la juzijuzi.

Saa sita mchana umeme ulikatika nyumbani kwake. Tena haukukatika tu, nyaya zenyewe ziliondoka ukutani. Friji likawa kabati la barafu lisilo na barafu. Bafu, ambalo baba yake Verlon alilijenga 1958, liliondoka pamoja na sabuni yake, na choo cha nje kikarudi mahali pake nyuma ya banda la kuku, na mlango wake uleule usiofunga vizuri.

Katika bonde lile, hilo ni jambo la kawaida. Nyumba hufuata mwaka wa gitaa kongwe lililomo ndani yake, chama kikishapiga kura, na hubaki hapo hapo. Desemba ikiisha, mwaka uleule unaanza tena. Watu wenyewe hubaki na umri wao na magonjwa yao. Nyumba ya Burl ilikuwa 1929 tangu zamani, na mke wa Burl alikuwa akiishi kwa dada yake tangu zamani hiyo hiyo.

Mama yake Verlon, Bi Oneida, mwenye miaka sabini na saba, alikuwa jikoni akiosha maharage. Bomba lilikauka mbele yake, kisha likaondoka, naye akabaki na bakuli. Verlon akaingia amekumbatia gitaa.

"Mwaka gani?" mama akauliza.

"Thelathini na nane, mama!"

"Hongera. Lakini ungenipigia simu kwanza. Ningeoga."

Dawa zake za presha zilikuwa bado hazijagunduliwa mwaka huo, kwa hiyo kwenye chupa alikuta chumvi za tumbo. Maxine, jirani wa ng'ambo ya barabara, alimchukulia nyingine hospitali, akamwekea kwake juu ya friji. Kila asubuhi Bi Oneida alivuka barabara na viatu vya mvua kwenda kumeza kidonge chake, kisha akarudi kuwasha kuni.

Hakugomba. Nawaambieni wenye watoto, hapo ndipo alipokosea. Angegomba siku ile ya bafu. Ukimwachia mtoto bafu, hajui kwamba umemwachia, anaona ni njia tu imefunguka.

Na mwaka wenyewe haukuwa wa kweli, hilo ndilo lililomkereketa. Gitaa lile marehemu mumewe, Estill, aliliagiza kwa posta mwaka 1947, likaja ndani ya sanduku lenye majani makavu. Mwaka uliofuata, Bi Oneida akiwa mjamzito, aligeuka kutafuta kiti akalikalia. Shingo ikang'oka. Fundi saa mmoja mjini akaliunga kwa kutumia kipande alichokitoa kwenye gitaa jingine, kongwe, lililokuwa limeungua. Namba aliyoisoma Burl ilikuwa ya hilo lililoungua.

"Nililikalia, Verlon. Nikasikia krakk. Na wewe ulikuwa tumboni, tulilikalia wote wawili."

"Mama, hizo ni hadithi."

"Hadithi? Makalio ni yangu mwenyewe!"

"Chama hakipokei maneno ya nyumbani. Kila gitaa lina bibi wa mtu aliyekuwepo siku lilipoletwa. Sisi tunapokea namba, gundi na mbao."

"Basi na mimi nitie gundi, nipokelewe."

Verlon alicheka, akambusu kwenye paji la uso, akaenda kukaza nyuzi. Hakuwa mtoto mbaya. Alimchotea mama yake maji kisimani kila asubuhi bila kuambiwa, na njia ya chooni aliifagia theluji. Ila kwenye gitaa tu masikio yake yaliziba.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Burl alikuja nyumbani na kioo chake mfukoni. Alikaa jikoni, akala maharage na mkate wa mahindi, akasifu jiko. Kisha akasema kuna jambo linamnyima raha. Zile fito zilizobandikwa ndani ya gitaa, chini ya uso wake, alizikuta nyembamba sana, zimechongwa kama mgongo wa samaki. Kiwanda kiliacha kuzichonga vile mwaka 1935.

"Namba huenda iligongwa baadaye," alisema. "Lakini mwili hausemi uongo. Mimi naona thelathini na tano."

Verlon aliweka kijiko chini. Thelathini na tano ilikuwa kiti cha pili kutoka kwenye jiko la kuni la chama. Mbele yake angebaki Burl peke yake.

"Fito alizichonga Estill," Bi Oneida alisema. "Kwa kisu cha tumbaku. Alitia mkono kwenye tundu, akakwama, nikampaka mafuta ya nguruwe mpaka kwenye kiwiko. Alitaka lilie kwa nguvu."

"Ni kumbukumbu nzuri, Bi Oneida," Burl alisema kwa upole.

"Na nyumba hii, daktari, baba yangu aliijenga thelathini na sita."

Hapo hakuna aliyetafuna.

"Mbao nilizibeba mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ukirudi nyuma ya thelathini na sita, hapa hakuna nyumba. Kuna shamba la tumbaku."

"Una karatasi yoyote?" Burl akauliza.

"Nina mgongo."

Burl alitikisa kichwa kwa huruma, akaomba kipande kingine cha mkate. Alipoondoka, Bi Oneida alimwambia mwanawe walipeleke gitaa kwenye banda la tumbaku, likae huko na mwaka wake. Verlon alimjibu kwamba haiwezekani. Gitaa lisilolala alipolala mwenyewe, chama hulihesabu yatima na kulivua kadi. Tena bandani kuna unyevu.

"Unyevu," mama alirudia.

"Unaua mbao, mama."

"Na mimi?"

"Wewe huna gundi ya ngozi," Verlon alisema, na kwa kuwa ilikuwa ni utani walicheka, yeye kwa sauti na mama kidogo.

Jumamosi Bi Oneida alivaa koti lake la kanisani, akamwomba Maxine awaendeshe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia chumba kile cha nyuma. Walimwamkia kwa heshima zote, wakampa kiti cha mlangoni, kwa sababu hakuwa na gitaa, na mmoja wao, bila kufikiri, akamkabidhi vikombe.

Alisimama navyo mkononi akaeleza yote. Posta, majani makavu, kukalia, fundi saa, kisu, mafuta ya nguruwe. Akaeleza nyumba, na jinsi baba yake alivyomwuliza anataka dirisha la chumba chake litazame wapi. Wanaume walimsikiliza wakiwa wamevua kofia. Fundi bomba mmoja mnene wa safu ya kati alifuta macho.

"Bi Oneida," Burl alisema, "hakuna hapa asiyekuamini. Mimi mwenyewe nakuamini. Lakini tukianza kuwasikiliza akina mama, hapa hakutabaki gitaa hata moja la kabla ya vita."

"Hilo ni kweli," wakasema wengine, na walisema kwa hofu.

Basi Burl akamgeukia Verlon. Kwa desturi yao, mwenye gitaa anaweza kuliondoa mezani kabla mikono haijanyoshwa, na hakuna atakayemwuliza sababu. Verlon alimtazama mama yake pale mlangoni, upepo ukimpeperusha nywele. Akatazama kiti cha pili kutoka kwenye jiko la kuni, kilichokuwa kimefutwa vumbi.

"Verlon," mama alisema. "Mwanangu. Ni nyumba."

"Ni mwaka mmoja tu, mama. Nyumba inapungukiwa mwaka mmoja tu."

"Mwaka mmoja ndio huo wenye nyumba."

Verlon alishusha macho kwenye gitaa. Lilikuwa linang'aa vizuri. Hakuliondoa. Mikono kumi na mmoja ikapanda, na baada ya muda kidogo ukapanda wa kumi na mbili. Katibu akaandika kadi mpya. Walimpigia Verlon makofi, akaenda kukaa karibu na jiko, na Bi Oneida akaosha vikombe kwa sababu tayari alikuwa navyo.

Walirudi nyumbani saa sita na dakika chache. Maxine alisimamisha gari pale pale anaposimama siku zote. Ng'ambo ya barabara palikuwa na shamba la tumbaku lililovunwa mwaka uliopita, mashina yamesimama kwenye matope. Banda la kuku halikuwepo, wala choo, wala ngazi za mbele ambazo Estill alizipaka rangi mwezi aliokufa. Albamu ya picha, vyungu, na vitanda vyote viwili vilikuwa vimekwenda na nyumba.

"Lo," Maxine alisema. "Na lile sufuria langu lilikuwa kwako."

Katikati ya shamba mwanaume wa miaka thelathini na kitu alikuwa analima na nyumbu. Bi Oneida alimjua kwa jinsi alivyoivaa kofia na kwa jinsi alivyotema mate pembeni kabla ya kusema. Alikuwa baba yake. Yule hakumjua yeye, maana binti aliyemwacha nyumbani asubuhi hiyo, kule kwenye kibanda cha kukodi, alikuwa na miaka kumi na minne.

"Shikamoo, mama," alimwambia, akigusa kofia.

Bi Oneida alisogea mpaka ukingoni mwa shamba.

"Marahaba, baba."

"Mmepotea njia?"

"Hapana. Tunakaa hapa."

"Hapa ni shamba langu."

"Najua. Ni shamba zuri."

"Nataka nijenge mwakani, Mungu akipenda. Nina binti, ananisumbua na habari za dirisha. Anataka litazame mto."

"Mpe tu."

"Nitampa. Mwakani."

Bi Oneida hakumwambia kwamba mwakani haiji. Alimwambia nyumbu wake amepata kidonda chini ya kamba ya kushoto, na kweli alikuwa nacho. Baba akamshukuru na kumlegezea nyumbu kamba. Akamtazama Verlon, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku la gitaa kwenye mtaro wa shamba.

"Huyo ni mwanao?"

"Ndiyo."

"Amekua," baba alisema, akaendelea kulima.

Usiku huo na siku zilizofuata Bi Oneida alilala kwa Maxine, kwenye chumba cha kufulia, pembeni ya mashine. Dawa zake zilikuwa karibu, Maxine alimwambia ashukuru kwa hilo. Verlon alilala shambani chini ya turubai na gitaa lake, kwa kuwa likiingia kwa Maxine nyumba yake nayo ingerudi thelathini na tano, na sheria ya chama haikuruhusu walale mbalimbali. Mama alimpelekea chakula mara tatu kwa siku. Alimwambia airudishe kadi. Alimwambia Jumatatu, akamwambia Jumatano, na kila mara Verlon alimwambia anaelewa.

Jumamosi chama kizima kilikuja kulisikiliza gitaa nyumbani kwake. Walikaa kwenye vigogo na ndoo zilizopinduliwa, kila mtu kwa mwaka wake, Burl mbele. Baba wa Bi Oneida alisimamisha nyumbu ili kelele zisiwasumbue. Verlon alipiga wimbo wa polepole wa baba yake, na kweli lililia. Lilifika mpaka mtoni na kurudi.

"Mnasikia?" Burl alinong'ona. "Sauti imefunguka. Hakuna kuta za kuimeza."

"Umesikia, mama?" Verlon aliita, macho yakimmeremeta. "Hakuna kuta!"

"Nimesikia," mama alisema.

Ndipo manyunyu yalipoanza. Mwavuli ulikuwa mmoja, wa Maxine, na hakuna aliyehitaji kupiga kura juu ya wapi uende. Bi Oneida ndiye aliyeusimamisha juu ya gitaa, akilowa, mpaka wimbo ulipokwisha, kwa sababu wengine wote walihitaji mikono yao kwa ajili ya makofi.