Mtaalamu wa Usimamizi na Dada Yake

Mhadhiri alikuwa amekula chumvi nyingi katika utafiti wa namna mashirika yanavyodhibiti kazi na watu wake. Zamani wataalamu waliona shirika kama mashine: weka lengo, pima, sahihisha. Baadaye wakagundua kwamba kipimo kinachofaa hapa huharibu kule. Siku hizi wanaandika kuhusu kuaminiana, mazoea ya kazini na mfanyakazi anayejisimamia. Hayo naye aliyaandika, akasifiwa. Lakini wale aliowafundisha ya mwanzo hakuwarudia kuwasahihisha. Yaliyopita si ndwele, alijisemea.

Mmoja wao, sasa meneja wa kiwanda cha nguo, akamwalika.

"Karibu mwalimu, uone matunda ya kazi yako!"

Juu ya kila cherehani palikuwa na taa. Kijani, unakwenda vizuri. Nyekundu, umebaki nyuma. Mbele ya ukumbi alisimama mwanamke mmoja, uso kwa wenzake, mikono nyuma.

"Na huyu?"

"Wa mwisho leo. Atasimama hapo mpaka kengele ilie. Si ulitufundisha mwenyewe, matokeo yaonekane na kila mtu?"

Mhadhiri akamtazama. Alikuwa dada yake mkubwa. Alijua kwamba dada amepata kazi ya kushona. Wapi, hakuwahi kuuliza.

"Kwani mnafahamiana?" meneja akauliza, akiona ameduwaa.

Neno likamponyoka. "Hapana."

Dada akainamisha macho. "Hapana, bosi."

Chai aliyoletewa ofisini hakuimaliza. Akaaga, akaenda kusubiri langoni mpaka wafanyakazi wakatoka.

"Dada, nisamehe."

"Mimi nilikukana ili usiaibike mbele ya mwanafunzi wako. Wewe ulinikana kwa nini?"

Akanyoosha mkono kuushika wake, dada akaurudisha nyuma.

"Vidole vyangu vinakufa ganzi," dada akasema. "Yule hajaniuliza kwa nini nimepungua kasi. Wala wewe hujaniuliza."

Kesho yake alirudi, akamkuta meneja katikati ya ukumbi.

"Jana nilisema uongo," alisema, cherehani zikinyamaza moja moja. "Huyu ni dada yangu, tumbo moja. Na wewe nilikufundisha nusu ya somo. Nusu ya pili naijua siku nyingi, ila niliona haya kukwambia nilikosea."

Meneja akacheka, akidhani ni utani, kisha akakunja uso. "Mwalimu, mbona unanivua nguo mbele za watu?"

"Najivua mwenyewe."

Adhabu ya kusimama ikakoma. Taa zilibaki. Dada akahamishiwa kwenye ukaguzi wa nguo, kazi isiyotesa vidole.

Siku hizi mdogo wake humtembelea, naye humkaribisha bila kinyongo. Lakini wageni wakiuliza huyu bwana anafanya kazi gani, dada hujibu tu, "Anafundisha," bila kusema anafundisha nini, na mhadhiri hutazama sakafu.