Abu Markub Aliyegandishwa

Fred alinigandishia ndege wangu. Naanzia hapo kwa sababu yeye huanza na mengine: feni, upepo, vumbi la mtaa wetu wa Hai Jalaba, huruma yake kwangu. Ndege aligandishwa, na aliyemgandisha ni Fred mwenye studio ya picha, mtu mzima ana watoto.

Ndege mwenyewe ni abu markub, yule mrefu wa mabwawani mwenye mdomo kama kiatu. Mwalimu Josline wa Kator alimtungia shairi la watoto: anasimama majini, anasimama, anasimama, hadi samaki kamongo anamsahau, halafu anamdaka, halafu anaruka. Maneno yake, picha zangu. Mimi hukata karatasi. Nilichukua mfuko wa saruji, nikaupaka majivu mpaka ukashika rangi yake, nikamkata kwa mkasi mdogo na wembe. Mabawa, miguu na shingo nikavifunga kwa uzi nyuma, ili vikunjike. Ni ndege mmoja tu kwa kitabu kizima. Namlaza juu ya matete ya karatasi, Fred anapiga picha, namwinua, namkunja vingine, tunaingia ukurasa mwingine. Ndiyo maana sitii gundi. Mtoto akifungua kitabu, ni huyohuyo anayemfuata hadi mwisho.

Na siwezi kukata mwingine. Jicho langu la kulia limeingia ukungu, na manyoya yale membamba niliyawahi kabla halijafunga.

Basi tulikuwa bado kwenye ukurasa wa kusimama, nikatoka kidogo kununua chai. Narudi, Fred anacheka meno yote.

"Jaja, nimekusaidia!" Jaja ndiyo bibi kwao Uganda. "Hii feni ilitaka kupeperusha ndege. Mimi naweka supagluu. Sasa iko imara, hata trekta haitoi!"

Nikagusa bawa. Halikucheza. Nikagusa shingo. Jiwe.

"Umeweka wapi?"

"Kote, Jaja. Mimi sifanyi kazi nusu."

Watu husema mimi ni mvumilivu. Nimevumilia kambi ya wakimbizi, nimevumilia njia ya kurudi nyumbani, na kwa uvumilivu huo wamenikalia kama kigoda. Siku hiyo kigoda kiliinuka.

"Mpigie mwalimu. Mwambie kwa mdomo wako."

Akapiga, akaweka sauti wazi, akaanza na feni.

"Sema ulichofanya!" nikamkatiza. "Nani kakuuliza hali ya hewa?"

Akasema.

"Malesh, Mama, pole," Josline akajibu, kama vile nimemwaga chumvi tu. "Picha ya kusimama si tunayo? Turudie hiyohiyo. Watoto hawatajua."

"Hawatajua nini? Shairi lako linasema anaruka! Wafike mwisho wamkute amesimama palepale? Watacheka, na watakuwa na haki."

"Au Fred amtengenezee mabawa kwa kompyuta..."

"Naweza!" Fred akadakia.

"Wewe nyamaza! Mikono yako imeshaongea."

Nikamnyang'anya simu, nikaikata. Nikachukua wembe. Fred akashika kichwa.

"Jaja, utaiharibu!"

"Umeshaiharibu wewe. Sasa na mimi naharibu changu."

Bawa la kushoto lilitoka na kipande cha anga chini yake. La kulia lilichanika katikati, manyoya mengine yakabaki kwenye ukurasa, na palipochanika majivu hayakuwapo, ukaonekana ukahawia wa mfuko. Mwili nikaukata pamoja na maji ya karatasi yaliyogandana na miguu. Nikampanga kwenye karatasi mpya, mabawa wazi.

"Piga."

"Lakini hii bawa imechanika. Nisafishe kidogo tu kwa..."

"Ukiligusa utanitambua. Piga!"

Akapiga, akanionyesha. Abu markub yuko angani, bawa moja limeraruka, ameondoka na kipande cha bwawa miguuni. Si yule niliyemkata. Yule alikuwa mzuri, na nilitaka watoto wamwone yule. Lakini huyu hajasimama.

"Mtumie Josline," nikasema. "Mwambie ndiyo huo ukurasa wa mwisho. Asipoutaka, azitoe kitabuni picha zangu zote."

Fred akaniletea soda, akaipangusa chupa kwa shati lake.

"Kunywa basi, Jaja. Usinichukie."

Nilifunga mkasi na wembe kwenye kitambaa nikaenda zangu. Soda niliiacha pale, imeshafunguliwa.