Kitambaa cha Gunia la Mama

Nesi Fabiola alinikuta kwenye zahanati yetu ya Nakwa nikiitukana kompyuta.

"Mama Anselimu, hiyo haina masikio."

"Ndiyo shida yake!"

Kompyuta ile ya mfumo wa Linux niliiweka pale mimi. Ndani yake kuna programu inayojiendesha kimyakimya, inapima joto la friji ya dawa. Friji ikipata joto, inanitumia ujumbe kwenye simu. Jumapili umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena mpaka jioni, na simu yangu kimya! Insulini ya mama yangu, Paskalina, ikaharibika yote. Fabiola alihangaika mpaka hospitali ya Dareda akapata chupa moja. Hiyo nayo ikiharibika, jamani, sina mama.

Kosa lilikuwa langu. Namba yangu ya simu nilikuwa nimeiandika kwa mkono kwenye amri ya kuiwasha programu. Umeme uliporudi, kompyuta iliiwasha yenyewe, bila mimi na bila namba. Ikapima joto vizuri tu, isijue imwambie nani.

Hapo nikakumbuka mashine ya kusaga ya Bagara, miaka ile ya themanini ya njaa na foleni. Ukimwambia msagaji, "Usikoboe, saga dona," anaitikia. Kisha anakwenda kutafuta dizeli, anashika mwingine asiyejua, anakoboa, na chakula cha wanao kinaishia kwenye pumba. Akina mama waligombana pale kila siku. Mama yangu hakugombana. Alishona kitambaa chekundu mdomoni mwa gunia, na wasagaji wote walijua: hili ni dona. Hata msagaji abadilike, gunia lilijisemea lenyewe.

Nikaacha kutukana. Namba nikaiandika ndani ya faili la mipangilio ya programu, lile inalolisoma kila inapowashwa, hata iwashwe na nani.

Jumapili iliyofuata umeme ukakatika, ukarudi kidogo. Padre yuko katikati ya mahubiri, simu ikalia. Wee! Nilitoka kanisani mbio, nikamwamsha Fabiola, tukaiweka chupa kwenye kasha la barafu. Ilikuwa bado baridi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka Fabiola akacheka.

Jioni, Mama alipokwisha kudungwa sindano, nikamwambia, "Asante, Mama."

"Ya nini tena?"

"Ya kile kitambaa chekundu cha gunia."

Akanitazama kidogo. "Bado unakikumbuka? Nilikikata kwenye kanga yangu ya harusi. Nguo zilikuwa hazipatikani, mwanangu, na nyie mlikuwa na njaa."

Nikaishika mikono yake, nikalia.