Upande wa Korongo

Kila mwaka, theluji ikianza kupungua kwenye milima ya San Juan, klabu ya magari aina ya Jeep, majipu kama walivyoyaita, ilikutana gerejini kwa Dell Haskett kupanga safari ya kupanda njia ya mlimani iitwayo Ngazi ya Punda. Binti yake, Maylene, alikuwa ndiye mpakuaji wa chakula. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu mtu mwenye upawa mkononi haulizwi maswali. Lakini mchana huu maharage ya pilipili yalimmwagikia mezani mara mbili.

Alikuwa anamwangalia baba yake.

Tangu majira ya baridi alikuwa anamwangalia hivyo. Dell alikula nusu ya kulia ya sahani, kisha akauliza kama chakula kimekwisha, na chakula kingine kipo pale pale mbele yake. Aligonga bega la kushoto kwenye milango ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Maylene alipomsihi waende hospitali, alicheka. "Mimi mzima kama chuma, mwanangu. Ni uchovu tu." Wala hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililomnyima Maylene usingizi. Baba yake hakujua kwamba kuna upande asiouona.

Verl Ostby, mwenyekiti wa klabu, alitandaza ramani juu ya boneti.

"Haya. Tairi zipunguzwe upepo pale darajani, si juu. Mwaka jana kuna mtu alingoja mpaka kwenye mawe, akaenda anarukaruka kama panzi. Sitamtaja."

"Ulikuwa wewe, Verl," Dell akasema, na watu wakacheka.

Kidole cha Verl kikapanda njia ile ya zamani ya wachimba madini, kikasimama. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Hapa ndipo pananikosesha raha. Njia ni upana wa jipu na nafasi kidogo ya kusali. Jiwe limeporomoka katikati, kwa hiyo tutapanda juu yake. Ukiwa juu ya hilo jiwe, pua ya gari inatazama mbinguni. Huoni njia. Unaona mikono ya Dell tu, akikuelekeza."

"Na korongo liko upande gani?" aliuliza Marit. Yeye na mumewe, Ansel, walikuwa wamehamia mwaka huo kutoka nchi tambarare, na walikuwa hawajawahi kupanda mlima kwa gari.

"Upande wako, shemeji, kulia. Abiria ndiye anayefaidi mandhari."

Marit alitabasamu kidogo, akajisogeza karibu na mumewe.

Dereva mgeni hakupelekwa mlimani kabla ya kupita kwenye mbao. Hiyo ilikuwa desturi yao. Nje, uani, walikuwa wameinua mbao mbili nene juu ya matofali, na kioo cha mbele cha jipu la Ansel wakakiziba kwa maboksi, wakaacha tundu dogo la kuonea mikono ya mwelekezi. Mwelekezi ni mmoja, na dereva hambishii. Kwa miaka yote ile mwelekezi alikuwa Dell.

Alisimama mbele ya jipu, miguu imepanuka, akiita kwa vidole. Njoo. Njoo. Hivyo hivyo. Maylene alisimama nyuma yake. Akaliona gurudumu la kulia likiteleza, nusu kwenye mbao, nusu hewani. Mikono ya baba yake iliendelea kuita kwa utulivu ule ule, njoo, njoo, mpaka jipu likaanguka kwa kishindo na Marit akapiga yowe ndani yake.

"Kijana, ulikuwa unatazama wapi?" Verl akacheka.

"Mikono," Ansel akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Nilitazama mikono."

"Basi hukuitazama vizuri. Dell hakosei."

"Samahani, mzee," Ansel akamwambia Dell. "Nitajirekebisha."

Dell akampiga bega kwa upole. Maylene akapiga hesabu kichwani. Kulia kwa dereva ni kushoto kwa anayemkabili. Na Jumamosi, siku ya safari, kwenye jiwe lile, upande huo hautakuwa na uwanja wa nyasi chini yake, bali korongo.

Alimfuata baba yake kwenye sinki la nje.

"Baba, Jumamosi aelekeze mtu mwingine."

"Nani? Verl? Verl hawezi kuelekeza ng'ombe kwenye maji."

"Hukuliona gurudumu."

"Kijana alikata usukani." Akafuta mikono, akashusha sauti. "Usiniaibishe mbele ya watu, mama."

Wakarudi ndani. Maylene akachukua kapu la mkate, akamwendea Verl ili amwambie. Verl akadhani anamletea mkate, akachukua kipande, akashukuru, akageukia sahani yake. Kule kwenye benchi Dell alikuwa ameanza kuwasimulia wageni habari za dhoruba moja ya zamani, na Marit alikuwa amekwisha kumwamini kabisa, ilionekana machoni.

Maylene akaenda akasimama kushoto kwa baba yake, karibu na sikio. Akainua ngumi.

Ngumi iliyoinuliwa ndiyo ishara ya kwanza wanayofundishwa pale: simama, hata kama hujui kwa nini. Kijiko cha Verl kikasimama. Ansel akatulia. Mmoja mmoja wakanyamaza wote, macho kwenye ngumi ile, isipokuwa Dell, aliyeendelea kusimulia kuhusu mvua ya mawe.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. Akamtazama Verl, akatazama mlangoni. "Nimesema nini?"

Maylene akaiacha ngumi juu.

"Niko hapa, Baba."

Dell akashtuka. Akageuza kichwa, akazidi kukigeuza kama mtu anayetazama nyuma, mpaka akaikuta ngumi.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kusimulia."

Dell akaigusa ile ngumi. "Gurudumu la kijana," akasema polepole. "Lilianguka upande huu."

"Ndiyo, Baba."

"Mwezi uliopita niliwavusha watu kwenye daraja la magogo kule mtoni."

"Wote walivuka, Dell," Verl akasema haraka. "Wote."

"Walivuka," Dell akasema. "Lakini sikuwavusha mimi. Ni bahati tu."

Maylene akashusha mkono. Hata hivyo, hakuna aliyesogea.