Nywele za Mgongoni

Siku Evas alipoanza kuburuta mguu, mama yake, Bulandina, alikuwa jikoni kwake Bwera, magharibi mwa Uganda, akimenya matoke. Alisikia kandambili ikikwaruza sakafu ya saruji, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kisu kikamtoka mkononi. Sauti ile aliijua. Mara ya mwisho aliisikia miaka ishirini na minane iliyopita, nyumbani kwao Nyakiyumbu, ikitoka chumba cha nyuma alimofichwa dada yake Arinda.

Arinda alizaliwa na kishungi cha nywele kiunoni. Watu walisema ni alama ya mizimu, na mama yao akawa anakinyoa kila Jumamosi, mlango umefungwa. Alipoanza kurefuka, mguu ukalegea, mkojo ukawa unamtoka bila habari, akaachishwa shule kwa sababu ya harufu. Alikufa ana miaka kumi na minne, uso umevimba. Baada ya mazishi hakuna aliyelitaja jina lake.

Evas naye alizaliwa na nywele hizo hizo. Bulandina hakumwambia mtu. Alinunua wembe.

Sasa Evas alikuwa na miaka kumi na mmoja, na sare ya shule aliyoshonewa Januari ilikuwa imeshapanda juu ya magoti. Mgongo ulimuuma akiinama. Bulandina alianza kumwona Arinda mchana kweupe: kwenye foleni ya maji, kwenye benchi la nyuma kanisani. Siku moja alimwita binti yake "Arinda" bila kukusudia. Mtoto akaitika.

Kisha Evas akakanyaga msumari, akatembea nao kutwa nzima bila kusikia kitu. Bulandina akampeleka kliniki. Pale walimkuta Tumushabe, mama wa makamo aliyetoka Kasese kila Jumatano kufanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alifunga kidonda, akachukua pamba.

"Fumba macho. Niambie nikikugusa."

Evas alingoja. Alikuwa ameshaguswa mara nne.

"Mama Evas, mukojo yake iko sawa?"

"Iko sawa, musawo," Bulandina alimjibu tabibu.

"Inanitoka," Evas alisema, macho bado ameyafumba. "Hata darasani."

"Geuka nione mgongo."

"Mgongo haina shida!" Bulandina alisimama katikati yao.

Lakini blauzi ilikuwa imepanda, na Tumushabe aliiona ngozi iliyokwaruzwa na wembe. Hakupandisha sauti. "Mama, unanyoa tangu lini?"

Bulandina akakaa chini sakafuni, akaanza kulia, akamweleza habari za Arinda.

Tumushabe alimsikiliza hadi mwisho. "Mizimu haiko hapa," alisema. "Ndani ya uti wa mgongo inapita kamba ya fahamu. Inatakiwa iwe huru. Nadhani ya huyu imeshikwa huko chini, na kila akirefuka inavutwa. Ndiyo maana mguu, ndiyo maana mukojo. Nywele zilikuwa zinatuonyesha mahali pa kutazama."

"Na dada yangu?"

"Siwezi kujua, sikumwona. Lakini mukojo ikibaki ndani muda mrefu, hata kama nyingine inavuja, inaharibu figo, na uso unavimba."

Picha iliyopigwa hospitali ya Mbarara ilionyesha kamba imenaswa kwenye donge la mafuta. Daktari wa upasuaji hakuwadanganya: kazi yake ni kuiachia ili hali isizidi kuharibika, kilichokwisha kupotea huenda kisirudi chote. Upasuaji ulichukua saa tano. Bulandina alikaa nje akilitaja jina la dada yake kwa sauti, na watu wakamtazama.

Maumivu yaliisha. Mguu ulipata nguvu kiasi. Mkojo haukurudi sawa; Evas alifundishwa kuutoa mwenyewe kwa kuingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, mara nne kwa siku, naye akarudi shule.

Likizo walikwenda Nyakiyumbu kwa bibi, ambaye wajukuu walimwita Kaka, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Evas alikaa karibu naye ukumbini, akauliza, "Kaka, huyo Arinda alikuwa anapenda nini?"

Bulandina alishtuka. Yeye mwenyewe hakukumbuka hata kitu kimoja.

Bibi aligeukia mlango wa chumba cha nyuma.

"Maparachichi," alisema. "Na chumvi. Alikuwa ananiomba kupitia dirisha."