Tanzia ya Marehemu Du-cheol

Ndugu Pan Du-cheol alifariki dunia Jumanne, katikati ya kipindi cha hesabu, baada ya kuugua betri kwa miaka miwili. Marehemu alikuwa simu. Jina tulimpa siku hiyohiyo, kwa kuwa tanzia haiandikiki bila jina.

Kisa ni tangazo la kampuni moja: zika simu yako kuukuu kwa heshima zote, na mfiwa wa mazishi yatakayotazamwa na wengi zaidi mtandaoni atapewa simu mpya. Mfiwa wetu alikuwa Gi-beom, mwenzangu wa bweni, ambaye simu yake ilikuwa ikizima kabla hajamaliza kusema "halo".

"Nani atakuja kulilia simu, we bwege?" aliniuliza.

"Kwani tutawaambia ni simu?"

Tukatuma tanzia kwa kila namba aliyokuwa nayo Gi-beom: Pan Du-cheol, aliyeitumikia familia kwa uaminifu, hatunaye tena. Jioni, bwenini, tukamlaza marehemu katikati ya maua meupe, sufuria ya supu kali ya nyama ikichemka kando kwa ajili ya wageni, nami nikaanza kurusha mazishi moja kwa moja.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mwalimu Ma, wa nidhamu, kavaa suti nyeusi. Hakuinua macho, kwa adabu. Akasujudu mara mbili, kama asujudiwavyo maiti, akalia machozi ya kweli.

Hapo marehemu akaita.

"Simu ya nani hiyo?" Mwalimu akanguruma.

"Ndiyo marehemu, Mwalimu," nikasema.

Watazamaji wakaanza kuandika: "Yu hai! Matapeli!" Gi-beom akaiona simu mpya ikimponyoka. Mwalimu naye akaitazama kamera, akayatazama magoti yake. Kwetu, aliye hai husujudiwa mara moja tu. Mara mbili ni kumtakia kifo.

"Gi-beom, amekufa au hajafa?"

"Amekufa... kiasi, Mwalimu."

"Shule hii haina kufa kiasi!"

Akamnyanyua marehemu kwa mikono miwili, kwa heshima, akamtumbukiza kwenye supu. Du-cheol aliita mara mbili chini ya nyama, kisha kimya.

"Sasa amekufa," alisema Mwalimu, akapangusa vidole.

Watu milioni mbili walitazama. Kesho yake asubuhi, Gi-beom akikabidhiwa simu mpya langoni, teksi ikasimama. Akashuka mama yake, kavaa mavazi meusi tii ya msiba.

"Mwanangu! Nilikupigia jana, ikakatika ghafla! Huyo Du-cheol ni wa upande wangu au wa baba yako?"

Gi-beom aliinamisha kichwa.

"Wa upande wako, mama. Ulimnunua wewe."